Filta ya Pikipiki ya Salomon

Sponji ilikuwa na joto.

Nshombo aligundua hilo kwa vidole kabla akili yake haijauliza swali. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa tano wa mwaka 2015, naye alikuwa ametoka kazini muda si mrefu. Injini ya pikipiki ilikuwa baridi tangu jana yake. Sakafu ya gereji ilikuwa baridi. Alikuwa amefungua kifuniko cha ubavuni, amelegeza nati inayoshika filta ya hewa, na alipotia mkono ndani ya kasha alikuta sponji ya filta ina joto na unyevu, kama ndani ya shavu la mtu.

Aliutoa mkono akaunusa. Oili ya zamani, petroli iliyochacha, na chini ya hayo, harufu ya kinywa cha mtu aliyeamka sasa hivi.

Nshombo hakuwa mtu wa kutishwa na mashine. Kabla vita haijamsukuma yeye na mkewe kambini, alikuwa fundi karibu na soko la Kadutu, Bukavu, ambako pikipiki huitwa moto, na moto nyingi za mtaa ule zilipita mikononi mwake. Alijiambia kwamba jua limeupasha ukuta wa gereji. Ukuta ule ulikuwa upande wa kivuli, lakini hakutaka kubishana na nafsi yake kwa jambo dogo.

Pikipiki ilikuwa ya Salomon, mdogo wake. Ilikuwa ya zamani, ya kurukia matuta na kukimbilia vumbi porini, imetengenezwa kabla Salomon mwenyewe hajazaliwa. Salomon aliinunua kwa mkulima mmoja nje ya mji wa Buffalo, Marekani, alikokuwa anaishi. Baridi iliyopita, lori lilimtelezea Salomon kwenye theluji akivuka barabara, na hakupona. Siku ya mazishi, watu wakiwa bado wanakunywa chai, mjane wake Généreuse alimvuta Nshombo pembeni.

"Shemeji, ile moto ya Salomon, uende nayo leo."

"Bon, nitakuja kuichukua wakati baridi inaisha."

"Hapana, leo. Na uiwashe kila siku. Hata kidogo tu. Salomon alikuwa anaiwasha kila siku."

Nshombo aliona ni majonzi yanayosema. Akaazima gari, akailaza pikipiki nyuma, akaipitisha Columbus hadi Louisville, kwenye nyumba ndogo waliyopanga upande wa South End. Na kwa kuwa neno la mfiwa halipuuzwi, akaiwasha kila siku, alasiri akiamka, majirani wakazoea. Lakini siku za karibuni injini ilikuwa inakohoa na kutoa moshi mweusi. Ilikuwa inakosa hewa. Fundi yeyote angeanza na filta.

Akaiosha kwanza kwa mafuta ya taa kwenye beseni, kisha akaipeleka jikoni kwenye maji ya moto na sabuni.

"Papa Gentille," mkewe Kavugho alisema, "donc hiyo uchafu unakuja kuiosha fasi tunaosha masahani?"

"Kidogo tu, Mama Gentille. Kule nje hakuna maji ya moto."

Gentille, binti yao wa pekee, alikuwa mezani anakunywa chai, macho kwenye simu. Alikuwa karibu kiasi kwamba povu lilimrukia kwenye mkono wa blauzi. Akamwambia baba yake jambo kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto wa kule, naye Nshombo akacheka bila kulielewa lote.

Filta ya sponji haisokotwi kama nguo. Hukamuliwa kwa viganja viwili, taratibu, isije ikachanika. Nshombo alikamua, maji meusi yakatoka. Akaachia, sponji ikajijaza hewa, na hilo ndilo lililomfanya asite, kwa sababu kila sponji ikiachiwa huvuta hewa, lakini hii iliendelea kuvuta. Ilivuta polepole, kwa sauti nyembamba, ikavuta zaidi ya vile kitu cha ukubwa ule kingeweza kubeba, na alipoisogeza sikioni ikanyamaza.

Kingo zake zilikuwa zinameguka kama mkate mkavu. Akaona haifai tena. Akairudisha gerejini, akailaza juu ya sponji mpya, akaichora, akakata, akagundisha. Akaichovya ile mpya kwenye oili ya filta, akaikamua iliyozidi, akapaka grisi kwenye ukingo ili vumbi lisipate upenyo, akaifunga mahali pake. Ile ya zamani akaiweka rafuni, maana fundi hatupi kipimo.

Pikipiki iliwaka kwa kiki ya kwanza. Haikukohoa wala kutoa moshi. Nshombo alisimama akiisikiliza, akamkumbuka mdogo wake, akajisikia kwamba amemfanyia jambo jema.

Jikoni, Gentille alikuwa ameanza kukohoa.

Nshombo alifanya kazi usiku kwenye bohari la vifurushi, kwa hiyo usingizi wake ulikuwa wa mchana, mapazia yakiwa yamefungwa. Ilikuwa mchana, wiki ile ile, alipoanza kuisikia nyumba. Nyumba za kule zina matundu sakafuni na darini ya kupitishia hewa ya joto au ya baridi, na mashine ya hewa ilikuwa imezimwa kwa kuwa siku zilikuwa nzuri. Hata hivyo matundu yalivuta. Alilala chali akasikia hewa inaingia, inaingia, inaingia, kisha kimya. Akangoja itoke, akangoja mpaka akagundua kwamba yeye mwenyewe ameizuia pumzi yake, na haikutoka.

Kavugho alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Highview, na alirudi alasiri. Yeye aliona milango. Mlango wowote ulioachwa wazi ulijisogeza wenyewe, taratibu, kuelekea chumba cha Gentille.

"Ni upepo," Nshombo alisema.

"Madirisha yote imefungwa."

Gentille alipelekwa kwa daktari. Wakasikiliza kifua, wakapiga picha, hawakuona kitu, wakasema huenda ni pumu, wakampa dawa ya kupuliza. Haikusaidia. Msichana alikuwa akianza sentensi na kuishia katikati, mdomo wazi, kifua kikipanda na kupanda kama cha mtu anayetaka kupiga chafya. Asubuhi mto wake ulikuwa na chembe nyeusi zenye mafuta. Kavugho aliufua, akaufua tena, mafuta hayakutoka.

Siku moja baba yake alikaa kitandani pembeni yake, na Gentille, ambaye tangu utotoni alimjibu kwa Kiingereza hata akiulizwa kwa Kiswahili, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo:

"Papa, si mimi ninavuta."

"Unasema nini, mama yangu?"

"Hewa. Mimi ninatoa tu. Kuvuta, kuna mwingine."

Nshombo hakumwambia mkewe maneno yale. Hakuhitaji. Kesho yake alasiri Kavugho alikuja kumwamsha, akamshika mkono bila kusema, akampeleka hadi mlangoni kwa binti yao, na Nshombo akaona kwa macho yake, mchana wa jua, dirisha limefungwa kwa komeo, kwamba pazia limeinuka kutoka ukutani na kunyooka kuelekea kitandani, na nywele za mtoto zilizokuwa zimetawanyika juu ya mto zimejikusanya zote kuelekea mdomoni, na karatasi za shule zilizokuwa mezani zinatambaa moja moja kuelekea huko huko, na Gentille amelala amefumba macho, mdomo wazi, anavuta, hana dalili ya kumaliza kuvuta, huku ngozi ya shingo ikididimia kati ya mifupa na sauti ikitoka ndani yake isiyokuwa ya mtoto wala ya mtu, sauti nyembamba ya hewa inayopita mahali pembamba, ambayo Nshombo aliijua, ambayo aliisikia kwa sikio lake mwenyewe jikoni, maji yakichuruzika viganjani mwake.

Kisha Gentille akaitoa pumzi yote mara moja, na pazia likaanguka ukutani.

"Tuende Columbus," Kavugho alinong'ona. "Leo. Tuende kwa kaka yangu."

Kaka yake Kavugho, Zéphyrin, alisali kwa mchungaji Semahoro, ambaye kanisa lake lilikuwa ukumbi wa kupanga kati ya duka la nguo na kinyozi. Walifika kanisani Jumapili, ibada ikiwa inamalizika. Mchungaji akawabakiza wachache, akamkalisha Gentille kwenye kiti mbele, akashika kipaza sauti akaanza kuomba. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, na watu walisema mapepo humjua jina.

Alipomwekea Gentille mkono kichwani, msichana alitulia. Akapumua kama watoto wengine wanavyopumua. Kavugho akaanza kulia kwa furaha. Kisha kutoka kwenye spika mbili za ukutani ikaja ile sauti, ndefu, inavuta. Mchungaji akakitazama kipaza sauti chake, akakizima. Sauti iliendelea. Zéphyrin akaenda ukutani akachomoa nyaya, akasimama akiwa amezishika mkononi ili kila mtu azione, na spika zikaendelea kuvuta hewa ya ukumbi mpaka vitambaa vya mezani vikainuka. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walikusanya watoto wao wakatoka, mmoja mmoja, kimya kama wanaotoka chumba cha maiti.

Spika zikanyamaza. Gentille kwenye kiti chake akafungua mdomo, na kifua chake kikaanza kupanda.

Mchungaji alimwita Nshombo kwenye chumba kidogo cha nyuma. Jasho lilimlowesha kola.

"Mimi nimezoea mapepo inayopiga kelele," alisema. "Inasema jina yake, inasema imetoka wapi, tunaifukuza. Hii haitaki kusema. Inataka tu kuvuta." Akafuta uso. "Ni kitu gani kiliingia ku nyumba yenu?"

Nshombo akamweleza kuhusu pikipiki, sponji na maji ya jikoni. Alipolitaja jina la Salomon, mchungaji aliketi.

"Salomon wa Buffalo? Ni ndugu yako?"

"Mdogo wangu."

"Alikuja hapa pia. Amekuja na muke yake. Généreuse ndiye alikuwa mugonjwa, vile vile kama huyu mutoto. Nikaomba, ikashindikana, wakarudi Buffalo kwa mama mumoja muzee. Nyuma ya pale nikasikia amepona." Akamtazama Nshombo kwa huruma. "Hakukuambia kitu?"

Nshombo alikuwa anaona chai ya mazishi, na mkono wa Généreuse ukivuta mkono wa koti lake.

Mchungaji alimpigia simu yule mama mzee. Naye hakuuliza mengi. Alisema: leteni pikipiki, leteni na sponji ya zamani, na kama sponji imetupwa msijisumbue kuja.

Nshombo aliwaacha mkewe na binti yake kwa Zéphyrin, akaendesha peke yake kurudi Louisville. Njia nzima aliona rafu ile akilini, akaona upepo ukiiangusha sponji, akaona panya wakiitafuna. Aliikuta. Ilikuwa baridi sasa, nyepesi, kitu cha kawaida kilichochoka, na upande mmoja ulikuwa umekuwa unga. Aliifunga kwenye kitambaa kama mtu anavyofunga yai, akapakia pikipiki kwenye gari la kuazima, akawapitia mkewe na binti yake Columbus.

Mukansanga, yule mama mzee, aliishi Buffalo, East Side, kwenye nyumba ya mbao yenye gereji nyuma. Alikuwa mzee, mwembamba, amevaa koti la kiume. Miaka mingi aliishi kambini Kigoma, na huko, walisema, alijifunza kwa mzee mmoja wa Kiislamu mambo ya majini, ingawa Jumapili hakukosa kanisani. Généreuse alikuwa amekwisha kuitwa na kufika, amesimama karibu na uzio. Kavugho alipomwona alimwendea moja kwa moja.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Na ukatupatia."

"Nilimwambia shemeji aiwashe kila siku."

"Hukumwambia juu ya nini."

Généreuse alitazama chini. "Niko na watoto watatu, Mama Gentille. Na mimi hiyo kitu inanijua. Ningemwambia, angekubali kuichukua?"

Kavugho alimgeuzia mgongo.

Mukansanga alimwagiza Nshombo aitoe filta mpya, airudishe ya zamani kwenye kasha, kifuniko kikiwa wazi, na awashe injini. Gentille akaletwa, akapigishwa magoti kwenye saruji, uso wake ukawekwa karibu na tundu la kuvutia hewa. Bibi alisoma zaburi, kisha akasema maneno mengine, ya chini, ambayo hayakuwa ya Biblia.

"Vuta gesi," alimwambia Nshombo. "Injini ivute kuliko hilo jini linavyovuta. Ukiogopa ukaachia, mtoto umempoteza."

Nshombo akazungusha mpini wa gesi. Injini ilinguruma mpaka vioo vya gereji vikatetemeka, na hewa ikaanza kukimbilia tundu lile, na Gentille akafungua mdomo, na kwa muda wakawa wawili wanaovutana, mashine na kile kilichokuwa kifuani mwa mtoto, nywele zake zikienda huku na kurudi huku, macho yake yamegeuka meupe, Kavugho amemshika kiuno kama anayemzuia asianguke kisimani, na injini ikaanza kulemewa, ikakohoa, ikashuka, ikawa inazimika, na Nshombo akasikia mdomo wake mwenyewe ukiliita jina la Salomon, akavuta gesi hadi mwisho, na kitu kikapita. Hakukiona. Alisikia tu mlio wa injini ukibadilika, ukawa mnene, kama mtu aliyemeza tonge kubwa.

Gentille akatoa pumzi, akavuta yake mwenyewe, akaangua kilio kama mtoto mchanga.

Baadaye, mtoto akiwa amelala ndani na mama yake, Mukansanga alikaa na Nshombo kwenye ngazi za nyuma.

"Lilitoka wapi, mama?"

"Sijui. Majini hayana pasipoti. Labda yule mkulima alijua, labda naye alipewa." Alivuta koti lake. "Ninachojua ni kwamba hili linaishi kwa kuvuta. Ukilipa mashine ya kuvutia, litakaa. Siku moja likikosa, litatoka kutafuta."

"Donc kila siku."

"Kila siku. Salomon alifanya hivyo. Mkewe akapona, naye akafungwa."

"Na sponji?"

"Hiyo ndiyo kitanda chake. Limeizoea."

"Siwezi kuweka mupya?"

"Uliweka mpya," bibi alisema.

Sponji ilikuwa imekwisha kuwa unga upande mmoja. Asipoiosha, itaziba na injini itazimika. Akiiosha, itapungua. Bibi alikuwa anamtazama akilifikia jambo hilo mwenyewe.

"Ikiisha?" aliuliza.

"Litaingia kwenye pumzi iliyo karibu. Na safari hiyo halitajinyoosha polepole kama lilivyofanya kwa mtoto. Limekwisha kuudhika."

"Na huyo mutu akikufa?"

"Pumzi itakayofuata."

Usiku ule Kavugho alimngoja mumewe mpaka alipoingia, akasema alichokuwa anakifikiria, kwa sauti ya chini ili Gentille asisikie.

"Généreuse alitupatia. Na sisi tunaweza kumupatia mutu. Kuna watu mingi wanatafuta moto za zamani."

Nshombo hakuwa mtakatifu. Alimfikiria mtu asiyemjua, mahali asipopajua, akija kuichukua kwa furaha, akiwa na mtoto nyumbani. Alifikiri kwamba kama angekuwa hana sura ya mtu huyo akilini angeweza. Lakini alikuwa nayo. Ilikuwa sura yake mwenyewe, siku ile, akiilaza pikipiki nyuma ya gari.

"Hapana," alisema.

"Basi iko wewe utabaki nayo."

"Basi iko mimi."

Kavugho aligeukia ukutani. Alimpenda mumewe, lakini sehemu fulani ya moyo wake haikumsamehe neno lile.

Hivyo Nshombo hakurudi Louisville. Gentille hakutakiwa kuwa pumzi ya karibu tena, kamwe. Alipanga huko huko Buffalo gereji ya matofali nyuma ya nyumba iliyobomoka nusu, mtaa usio na majirani wengi, akatia kitanda humo, akapata kazi ya usafi asubuhi. Kavugho alirudi na binti yao kusini. Mwanzoni walikuja kumtembelea. Kisha sponji ikaanza kupukutika zaidi, akawakataza.

Maisha yake yakawa yale. Kuamka, kupiga kiki, kusikiliza. Kuiacha injini ivute mpaka ule mlio mnene ushuke na kutulia, kama mnyama aliyeshiba. Moshi ulipoanza kuwa mweusi, alijua siku ya kuosha imefika. Aliiosha kwenye beseni, si bombani, ili chembe zisipotee. Alizikusanya kwa kitambaa. Alizishona kwenye waya kwa uzi wa kuvulia samaki, akapaka oili, akapaka grisi, akafunga. Sponji ilikuwa imebaki viraka vinavyoshikana kwa matumaini. Aliongea nayo wakati mwingine. Haikujibu, ila ilikuwa daima na joto.

Mukansanga alifariki baridi iliyofuata. Baada yake hapakuwa na wa kumuuliza.

Wakati huo Nshombo mwenyewe alishikwa na homa akashindwa kusimama. Aliyekuja, akivuka theluji, alikuwa Généreuse. Hakusema neno. Alipiga kiki mpaka goti lake likavimba, injini ikawaka, akaketi juu ya ndoo akiingoja ishibe. Kisha akampikia uji. Nshombo alitaka kumchukia, akakuta hana nguvu ya kutosha.

"Kama hauwezi siku moja, niite," Généreuse alisema. "Mimi ndiye nimeileta."

Nshombo akampa ufunguo. Tangu hapo kila Jumapili baada ya kanisa Généreuse alimletea chakula kwenye sufuria iliyofungwa kitenge, akaingia, wakala bila maneno mengi. Kwa Nshombo yule ndiye mtu pekee wa karibu aliyeijua siri yake kwa mwili wake, na katika upweke ule hilo lilikuwa jambo kubwa. Alipaswa kumkataza kama alivyowakataza wengine. Kila Jumapili alisema atamkataza Jumapili ijayo.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka 2016, Jumapili, mchana mweupe wa mawingu. Moshi ulikuwa mweusi tangu Ijumaa na asingeweza kuahirisha. Akafungua kifuniko, akaitoa filta kwa ncha za vidole, akaizamisha kwenye beseni la maji ya vuguvugu, na hakuikamua hata kidogo, aliishika tu. Ikalainika. Uzi ukabaki mkononi mwake, na waya, na maji yakawa na tope la rangi ya chai. Alizungusha vidole chini ya beseni akitafuta kipande, hata kimoja. Hapakuwa na kipande.

Alishangaa kwamba hakuogopa. Alifunga mlango kwa ndani, akaziba upenyo wa chini kwa blanketi. Akachukua simu akampigia binti yake.

Gentille alipokea haraka. Alikuwa amepata kazi ya jioni kwenye duka, alikuwa anajaza maombi ya chuo, mwalimu mmoja alimsifu. Alimweleza yote kwa Kiswahili, kwa kuwa tangu ule ugonjwa hakumjibu tena baba yake kwa Kiingereza. Nshombo aliegemea ukuta akisikiliza jinsi anavyopumua kati ya maneno, anavuta, anatoa, bila kufikiria, kama mtu anayetembea.

"Papa, utakuja Noeli?"

Alitaka kusema kitu kizuri. Akavuta pumzi ya kusema, na pumzi ikaingia, ikaendelea kuingia. Akangoja ifike mwisho. Kifua kilijaa, mbavu zikasukumana, na hewa bado ilikuwa inakuja, kalenda ya ukutani ikapepea kuelekea kwake, maji ya beseni yakakunjamana kuelekea kwake, na akaelewa kwamba kuna mambo mengi ya kumwambia mtoto wake na yote yanahitaji pumzi ya kutoka.

"Papa? Papa, uko?"

Simu ilimponyoka. Kutoka sakafuni sauti ya Gentille iliendelea kumwita, ndogo kama ya mdudu, na wakati huo huo akasikia viatu vinavyochechemea juu ya changarawe nje, vikisimama mlangoni, na sufuria ikitua chini.

"Shemeji?" Généreuse aliita. "Umelala?"

Hakuweza kusema usiingie. Aliupiga ukuta kwa kiganja, mara nyingi, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, macho yakimtoka, na alipokuwa anaupiga alitambua jinsi kishindo kile kitakavyosikika kwa mtu aliye nje, mtu mwenye huruma, anayedhani ndugu ameanguka na anaomba msaada.

"Ninakuja," Généreuse alisema, na ufunguo ukaingia kwenye kitasa.